Elementi, kampaundi na mchanganyiko: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mwanafunzi anayeingia kidato cha kwanza huwa ameshayakariri maneno haya matatu tangu shule ya msingi. Muulize maana yake, atakujibu bila kukosea. Lakini mwekee mezani kijiko cha chumvi, glasi ya maji ya bahari na msumari, kisha mwambie akuoneshe kipi ni kipi. Hapo ndipo anaposita. Maswali yaliyo hapa chini ni yale ninayoulizwa na wanafunzi wa namna hiyo, pamoja na wazazi wanaokaa nao jioni kuwasaidia kazi za nyumbani. Nitairudia chumvi mara nyingi, kwa sababu ipo katika kila jiko, na humo ndani mambo yote matatu yanakutana.

Kwa ufupi, tofauti yake ni nini?

Elementi ni kitu kilichoundwa na atomu za aina moja tu. Dhahabu safi ni elementi, na hata ukiisaga mpaka ikawa vumbi, kila chembe ya vumbi hilo ni dhahabu. Kampaundi ni elementi mbili au zaidi zilizoungana kikemia kwa uwiano usiobadilika, zikawa kitu kipya chenye tabia zake chenyewe. Mchanganyiko ni vitu viwili au zaidi vilivyowekwa pamoja bila kuungana. Kila kimoja kinabaki na tabia yake, na unaweza kuvitenganisha kwa kuchuja, kupepeta, kukausha, kukeneka (yaani kuchemsha kimiminika na kuupoza mvuke wake) au kwa sumaku.

Ukielewa neno "kuungana" umeelewa karibu somo zima, kwa hiyo tuanze nalo.

Sodiamu hulipuka ikiguswa na maji, na klorini ni gesi ya sumu. Mbona chumvi tunakula kila siku?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, maana anayeliuliza ameanza kufikiri kama mwanakemia.

Sodiamu ni metali laini inayokatika kwa kisu, na sehemu iliyotoka kukatwa hung'aa kama fedha. Maabara huihifadhi ndani ya mafuta ya taa ili isikutane na hewa wala unyevu. Kipande kidogo kikitupwa majini hukimbia huku na huko juu ya maji, huyeyuka kwa joto lake chenyewe, na mara nyingi hushika moto. Klorini nayo ni gesi ya rangi ya kijani-manjano inayochoma mapafu. Mnamo Aprili 1915, karibu na mji wa Ypres nchini Ubelgiji, jeshi la Ujerumani liliifungulia upepo kama silaha, na wanajeshi wengi wakafa.

Elementi hizo mbili zikikutana, kila atomu ya sodiamu huipa atomu ya klorini elektroni moja, ile chembe ndogo yenye chaji hasi. Baada ya hapo hakuna tena atomu za sodiamu wala za klorini kama zilivyokuwa. Kuna ayoni, yaani atomu zilizotoa au kupokea elektroni: ayoni za sodiamu, na ayoni za klorini ziitwazo kloraidi, zimeshikamana kwa mpangilio wa safu kama matofali ukutani. Tabia za vitu vyote viwili hutegemea elektroni, na elektroni zimehama. Ndiyo maana sodiamu huyeyuka kwenye nyuzi joto 98 za Selsiasi, lakini chumvi iliyotokana nayo inahitaji nyuzi joto 801. Ndiyo maana pia chumvi haina rangi ya kijani, haina harufu, na ikiingia kwenye maji hailipuki.

Kwa hiyo mtu akikwambia "chumvi ina sodiamu", amesema kweli, mradi ujue ni sodiamu katika hali ya ayoni. Vivyo hivyo tunaposema dagaa na mchicha vina madini ya chuma, hatusemi kuna vipande vya misumari ndani yake. Chuma hicho kimeungana na vitu vingine. Na kalsiamu ya maziwa si ile metali inayotoa mapovu ya hidrojeni ikitiwa majini.

Basi chumvi ninayonunua dukani ni kampaundi safi?

Hapana. Kiasi kikubwa sana cha chumvi hiyo ni kampaundi moja, kloraidi ya sodiamu, lakini pakiti kwa ujumla wake ni mchanganyiko. Ili kuona sababu, tuifuate chumvi tangu baharini.

Kilo moja ya maji ya bahari huwa na takribani gramu 35 za chumvi za aina mbalimbali. Zaidi ya robo tatu yake ni kloraidi ya sodiamu. Zilizobaki ni chumvi za magnesiamu, kalsiamu, potasiamu na nyinginezo. Kwenye mashamba ya chumvi ya pwani, kuanzia Malindi hadi Mtwara, maji huingizwa kwenye majaruba mapana na kuachiwa jua na upepo. Maji yanapopungua, chumvi hizo hazitoki zote kwa pamoja. Kaboneti ya kalsiamu hutangulia kutua chini. Inafuata salfeti ya kalsiamu, ambayo mafundi ujenzi wanaifahamu kama jasi. Kloraidi ya sodiamu huanza kuganda maji yakiwa yamebaki kama sehemu ya kumi ya yale ya mwanzo. Ukiendelea kukausha mpaka tone la mwisho, zinatoka chumvi za magnesiamu, ambazo ni chungu. Mzalishaji makini huyamwaga maji hayo machungu kabla hayajakauka juu ya chumvi yake.

Asipoyamwaga, chumvi hubaki na kloraidi ya magnesiamu. Hii huvuta unyevu kutoka hewani kwa nguvu. Ile chumvi ya mawe inayolowa na kutota maji kopoani msimu wa masika inakueleza hapo hapo kwamba si kampaundi moja. Kloraidi ya sodiamu ikiwa safi hustahimili unyevu wa kawaida vizuri zaidi.

Kuna na kitu kingine kinachoongezwa kwa makusudi: madini joto, yaani iodini. Iodini yenyewe ni elementi, yabisi ya rangi nyeusi inayotoa mvuke wa zambarau, na si ya kulambwa. Kinachotiwa kwenye chumvi ni kampaundi yake, kwa kawaida iodeti ya potasiamu, makumi tu ya miligramu kwa kila kilo, ili kuzuia rovu na kulinda ubongo wa mtoto aliye tumboni. Angalia mpangilio wake: elementi ya iodini imeungana na potasiamu na oksijeni kuwa kampaundi, na kampaundi hiyo imechanganywa na kampaundi nyingine, kloraidi ya sodiamu. Zote zimo ndani ya kijiko kimoja.

Chumvi ikiyeyuka kwenye maji, je, kimetokea kitu kipya?

Kilichotokea ni mmumunyo, nao ni mchanganyiko. Maji yamebaki maji, na chumvi unaipata tena ukiyakausha. Huko Uvinza, mkoani Kigoma, watu wamefanya hivyo kwa karne nyingi: wanachota maji ya chumvi ya chemchemi, wanayachemsha, chumvi inabaki chini.

Wanafunzi wakali huniuliza: mbona ayoni zimeachana, si hilo ni badiliko la kikemia? Swali lina haki yake. Ni kweli ule ukuta wa matofali umebomoka, kila ayoni imezungukwa na molekuli za maji. Lakini hakuna kampaundi mpya iliyozaliwa, na ukikausha, matofali hujipanga tena yalivyokuwa. Kwa sababu hiyo vitabu vya shule huliweka kwenye mabadiliko ya kiumbo, na kwenye mtihani jibu hivyo.

Nifanyeje kutambua kama kitu ni kampaundi au mchanganyiko?

Kuna jaribio moja la zamani la darasani ambalo halijapata mshindani: unga wa chuma na unga wa salfa. Chukua gramu 7 za unga wa chuma na gramu 4 za salfa ya njano, uzikoroge kwenye karatasi. Unapata unga wa rangi ya kijivu-njano. Pitisha sumaku, chuma kinaruka kuifuata na salfa inabaki. Ungeweza pia kutumia gramu 10 kwa 2, au 3 kwa 8, bado ungekuwa mchanganyiko. Hakuna anayekulazimisha uwiano.

Sasa mwalimu aweke ule unga kwenye neli ya kioo na kuupasha moto upande mmoja. Unaanza kuwaka wekundu, na hata moto ukiondolewa, ule wekundu unaendelea kutembea wenyewe hadi mwisho wa neli. Joto hilo linatoka ndani, ni dalili kwamba atomu zinaungana. Ikipoa unapata bonge jeusi la salfaidi ya chuma. Sumaku haivuti tena chuma kikaachana na salfa. Hakuna chembe ya njano unayoiona hata kwa lenzi. Na ukitia asidi hafifu, badala ya hidrojeni isiyo na harufu ambayo chuma kingetoa, inatoka gesi inayonuka kama yai viza. Gesi hiyo ni sumu, kwa hiyo jaribio lote lifanyike maabara penye hewa ya kutosha, mwalimu akiwepo. Usilijaribu nyumbani.

Kutoka hapo unapata maswali ya kujiuliza mbele ya kitu chochote. Je, naweza kubadili kiasi cha kila kimoja nipendavyo? Je, viambato vyake bado vina tabia zake? Je, naweza kuvitenga bila kuvunja kitu chochote kikemia? Ukijibu ndiyo, huo ni mchanganyiko.

Lipo pia jambo la kiwango cha kuchemka na kuyeyuka. Maji safi, kwenye usawa wa bahari, huchemka kwenye nyuzi joto 100 na kubaki hapo hapo mpaka yaishe. Maji ya chumvi huanza kuchemka juu kidogo ya hapo, na kadiri yanavyopungua na chumvi kukolea, joto linazidi kupanda. Kuwa mwangalifu tu na mwinuko: Arusha, ambako ni kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, hata maji safi huchemka kwenye takribani nyuzi 95, kwa sababu kanieneo ya hewa, yaani msukumo wake juu ya maji, ni ndogo.

Huo "uwiano usiobadilika" ulijulikanaje?

Kwa mizani na subira. Mwishoni mwa karne ya 18, Mfaransa Joseph Proust, aliyekuwa akifanya kazi Hispania, alipima kaboneti ya shaba iliyochimbwa ardhini na ile aliyoitengeneza mwenyewe maabara. Uwiano wa viungo ulikuwa ule ule. Akapima na kampaundi nyingine, ikawa hivyo hivyo. Si watu wote waliokubali mara moja, na mabishano yalichukua miaka. Baadaye John Dalton, Mwingereza, alieleza sababu: kama vitu vimejengwa kwa atomu nzima nzima, na kila aina ya atomu ina uzito wake, basi uwiano hauwezi kuyumba.

Chukua maji. Katika kila gramu 9 za maji, gramu 1 ni hidrojeni na 8 ni oksijeni. Ni hivyo kwa maji ya Ziwa Tanganyika, ya mvua ya Zanzibar na ya theluji ya Kilimanjaro, yakishasafishwa. Ukikutana na kimiminika kisafi chenye hidrojeni gramu 1 kwa oksijeni gramu 16, hayo si maji yaliyozidishiwa oksijeni. Ni kampaundi nyingine kabisa, peroksaidi ya hidrojeni, ile inayotoa povu ikimwagiwa kwenye kidonda. Elementi ni zile zile, uwiano umebadilika, na huwezi kuinywa.

Oksijeni huandikwa O₂. Ina atomu mbili, kwa nini isiwe kampaundi?

Kwa sababu atomu zote mbili ni za aina moja. Watu wengi huchanganya molekuli na kampaundi. Molekuli ni atomu zilizoshikana, ziwe za aina moja au tofauti. Kampaundi lazima iwe na elementi tofauti. Kwa hiyo O₂ ni molekuli ya elementi, na hata ozoni, O₃, inayotukinga na miale mikali ya jua huko juu angani, ni oksijeni tu iliyojipanga kwa tatu. Maji, H₂O, ni molekuli na ni kampaundi pia.

Mpangilio peke yake unaweza kubadili sura ya elementi kwa namna ya kushangaza. Almasi ya Mwadui, mkoani Shinyanga, na grafiti iliyo ndani ya penseli ya mtoto wako vyote ni kaboni. Ila kile kijiti cheusi cha penseli chenyewe ni mchanganyiko, kwa kuwa grafiti huchanganywa na udongo wa mfinyanzi. Udongo ukizidi, penseli inakuwa ngumu na kuandika kwa wepesi wa rangi.

Hewa ni kampaundi au mchanganyiko?

Mchanganyiko. Hewa kavu ina naitrojeni kama asilimia 78, oksijeni 21, agoni karibu 1, na kabonidayoksaidi takribani asilimia 0.04. Kiasi cha mvuke wa maji kinapanda na kushuka: hewa ya Tanga mwezi wa Aprili haifanani na hewa ya Dodoma mwezi wa Septemba, na kampaundi isingekubali hilo.

Uthibitisho mwingine ni kwamba hewa hutenganishwa. Ikipozwa sana hadi kuwa kimiminika, kisha ikaachwa ipate joto taratibu, naitrojeni huchemka kwanza kwenye nyuzi joto 196 chini ya sifuri, agoni hufuata kwenye 186 chini ya sifuri, na oksijeni kwenye 183 chini ya sifuri. Ni kukeneka kule kule, tofauti ni ubaridi wake. Mitungi mingi ya oksijeni inayosukumwa kwenye korido za hospitali na ile ya mafundi wa kuchomelea inajazwa kwa njia hiyo.

Maziwa yanaonekana kitu kimoja. Nayo ni mchanganyiko?

Ndiyo, na ni mfano mzuri kwa sababu macho yanadanganyika. Chini ya hadubini utaona matone madogo madogo ya mafuta yakielea ndani ya maji. Ndani ya maji hayo kuna protini, sukari ya maziwa na madini.

Kibuyu kimoja kinaweza kukupa masomo mawili. Ukiyasukasuka maziwa, matone ya mafuta yanagongana na kushikamana mpaka siagi inajitenga. Hakuna kilichoungana kikemia. Umetenganisha mchanganyiko kwa nguvu za mikono. Lakini ukiyaacha yagande, bakteria wanaigeuza sukari ya maziwa kuwa asidi, ile inayoupa mtindi ukali wake. Asidi hiyo haikuwamo mwanzo. Limetokea badiliko la kikemia, na hakuna chujio litakalokurudishia maziwa mabichi. Bibi zetu walikuwa wanazijua kazi zote mbili na walizitofautisha kwa majina, siagi na mtindi.

Na dhahabu ya pete, shaba nyeupe, chuma cha pua?

Hizo ni aloi, yaani michanganyiko ya metali, au ya metali na kitu kingine kama kaboni. Dhahabu ya karati 24 ni safi. Karati 22 maana yake sehemu 22 kati ya 24 ni dhahabu, kama asilimia 91.7, na zilizobaki ni shaba, fedha au nyingine ya kuipa ugumu. Karati 18 ni asilimia 75. Sonara anabadili kiasi atakavyo, na ndiyo sababu tunasema ni mchanganyiko. Kuna aloi ambazo ndani yake metali huungana kwa uwiano maalumu, lakini hayo ni ya ngazi za juu.

Hapa sina budi kusema neno juu ya zebaki. Wachimbaji wadogo huikoroga na mchanga wenye dhahabu, dhahabu inanaswa na zebaki, wanapata bonge laini. Bonge hilo ni mchanganyiko wa elementi mbili, na linatenganishwa kwa moto kwa sababu zebaki huchemka kwenye nyuzi joto 357 wakati dhahabu bado ni yabisi. Sayansi yake ni nyepesi. Tatizo ni kwamba zebaki haikutoweka, imepanda hewani, na anayechoma bonge hilo jikoni anaivuta yeye, mkewe na watoto. Inaharibu neva na figo. Ikifika ziwani, vijidudu huigeuza kuwa kampaundi iitwayo methilizebaki, ambayo mwili huinyonya kwa wepesi zaidi na ambayo hujikusanya ndani ya samaki. Kampaundi hiyo ndiyo iliyowatesa watu wa Minamata, Japani, kuanzia miaka ya 1950. Mwanafunzi akiniuliza kemia hii itanisaidia nini, namweleza habari ya bonge hilo kwanza.

Kwa nini mwalimu ananikata alama nikiandika CO badala ya Co?

Kwa sababu umeandika kitu kingine. Co ni kobalti, elementi, metali inayochimbwa kwa wingi Katanga nchini Kongo na kutumika kwenye betri za simu. CO ni kabonimonoksaidi, kampaundi ya kaboni na oksijeni. Haina rangi wala harufu, na ndiyo inayoua watu waliolala na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa. Herufi kubwa huanzisha elementi mpya. Herufi ndogo inaifuata kubwa na kuwa mali yake.

Alama nyingine huwatatiza watoto kwa kuwa zimetoka Kilatini: Fe kwa chuma, Au kwa dhahabu, Cu kwa shaba, Na kwa sodiamu. Hii ya mwisho ikumbuke kwa Ziwa Natroni. Jina la sodiamu kwa Kilatini, natrium, linatokana na natroni, jina la kale la magadi. Magadi yanayochimbwa jirani, kwenye Ziwa Magadi la Kenya, ni kampaundi yenye sodiamu ndani yake.

Tunajuaje kwamba elementi haiwezi kugawanyika zaidi?

Zamani ilikuwa ni kusema: tumejaribu kila njia, imeshindikana. Mwaka 1789 Antoine Lavoisier alichapisha orodha ya vitu 33 alivyoviona kuwa vya msingi. Chokaa ilikuwamo. Hata mwanga na joto aliviweka. Chokaa ilikaa humo kwa kuwa hakuna aliyekuwa ameweza kuivunja. Kisha umeme ukaja. Mwaka 1807 Humphry Davy alipitisha umeme kwenye kampaundi zilizoyeyushwa akapata potasiamu na sodiamu, na mwaka uliofuata akaitoa kalsiamu. Chokaa ikaondoka kwenye orodha ya elementi ikawa kampaundi ya kalsiamu na oksijeni.

Leo hatutegemei kushindwa tu. Tunahesabu protoni ndani ya kiini cha atomu. Yenye protoni 11 ni sodiamu, 17 ni klorini, 79 ni dhahabu. Ukibadili idadi hiyo umebadili elementi, na moto wa jikoni au asidi ya maabara haufiki huko ndani.

Elementi ziko ngapi?

118 kwenye jedwali la sasa. Katika joto la kawaida la chumbani, mbili tu ni vimiminika: zebaki na bromini. Gesi ni 11, na zilizobaki karibu zote ni yabisi, nyingi zikiwa metali.

Nikichanganya dawa mbili za kusafishia choo, si napata mchanganyiko wenye nguvu zaidi?

Usifanye hivyo. Jiki ikikutana na dawa ya choo yenye asidi, hazikai pamoja kwa amani kama mchele na choroko. Zinaungana na kuvunjana kikemia, na mojawapo ya vitu vinavyotoka ni gesi ya klorini, ile ile ya Ypres, ndani ya choo kidogo chenye dirisha dogo. Jiki ikichanganywa na kitu chenye amonia hutoa gesi nyingine zenye sumu. Ukihisi harufu kali inayowasha macho na koo, toka nje mara moja, acha mlango wazi, usirudi kumalizia kazi. Tumia dawa moja, suuza kwa maji mengi, na nyingine iache kwa siku nyingine.

Unaweza kunitajia vitu vya kawaida na kundi lake?

Waya wa shaba wa umeme na karatasi ya alumini ni elementi, au karibu sana na hapo. Sukari ni kampaundi ya kaboni, hidrojeni na oksijeni. Magadi soda ni kampaundi, lakini beking pauda ni mchanganyiko wa magadi soda, asidi kavu na wanga. Zinakaa pamoja bila ugomvi mpaka zilowe, ndipo zinatoa kabonidayoksaidi inayoumua keki. Kutu ni kampaundi: chuma, oksijeni na maji vimeungana, na msumari wako hauwezi kuurudisha kwa kufuta. Chai ya maziwa, soda, damu, petroli, mafuta ya taa, udongo na bizari ya pilau ni michanganyiko. Mkaa ni kaboni kwa sehemu kubwa, lakini majivu yanayobaki yanaonesha haikuwa kaboni peke yake.

Ni jaribio gani salama ambalo mtoto anaweza kufanya nyumbani?

Mpe kijiko cha chumvi ya mawe kilichochanganywa na kijiko cha mchanga na vipande vidogo vya steelwuli ya kusugulia sufuria, ile inayonaswa na sumaku. Mwambie avitenganishe vyote vitatu, asikupe jibu mpaka afikirie mpangilio. Sumaku iliyofungwa kwenye mfuko wa nailoni itaondoa chuma. Mfuko ukigeuzwa, chuma kinadondoka. Maji ya uvuguvugu yatayeyusha chumvi na kuuacha mchanga. Kitambaa safi kitachuja. Kisha sahani pana iwekwe juani.

Siku ya pili au ya tatu atakuta fuwele kwenye sahani. Mpe lenzi, aziangalie kingo zake: zimenyooka, na pembe zake ni za mraba, kwa sababu ndani yake ayoni za sodiamu na za kloraidi zimejipanga hivyo hivyo kwa safu. Kama sahani ilikauka polepole kivulini, atapata kubwa zaidi. Akiuliza kwa nini zote zina pembe za namna moja, mrudishe kwenye swali la pili hapo juu.